Kumchagulia Papa Darubini Isiyotetemeka

Jumapili, saa kumi na moja jioni. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika tulipokuwa tunatoka kanisani, na sasa njia yetu yote ni tope jekundu. Nimekaa mlangoni na simu mapajani. Cherehani nimeifunika, leo sishoni. Sina raha hata kidogo.

Niliahidi humu kwamba nitaandika habari ya darubini. Wiki kadhaa sasa ninyi wachache mnaonisoma mmekuwa mkiuliza nimemchagulia Papa ipi. Basi imefika jana, iko ndani kwenye mfuko niliomshonea. Nitaeleza nilivyoichagua, maana nimehangaika na huenda mwenye mzazi kama wangu akapona hangaiko hilo. Lakini ndani ya habari hii kuna nyingine ambayo sijawahi kuiandika, na mpaka leo mchana sikuwa nimemwambia mtu.

Nianze na Papa mwenyewe, baba yangu, kwa asiyemjua.

Papa alikuwa mfuata nyayo katika hifadhi ya msitu kule kwetu Kivu ya Kusini. Yeye ndiye aliyetangulia mbele ya wageni na kuwaonyesha sokwe walipolala. Wageni walikuja kwa sokwe, yeye akapenda ndege. Tulipokimbia vita, Mama alibeba sufuria, mimi nikabeba godoro la mtoto, Papa akabeba darubini yake ya kazini iliyopasuka jicho moja. Sisi Wakongomani tunaiita jumelle. Mama alimsema juu ya hiyo jumelle mpaka siku anakufa. Sufuria ya pili ingetufaa zaidi, alikuwa akisema, na kusema haki hakukosea.

Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, Papa alipata ziwa, akatulia. Tunakaa mahali ambapo maji yanajibana, ng'ambo inaonekana na mtumbwi unavuka kwa nusu saa. Kila alasiri alikuwa anashuka ufukweni na rafiki yake, Mzee Venansi. Huyu ni Mrundi, Mkatoliki wa kuzidi kipimo, mkulima wa maharage. Ndege hakujua hata mmoja, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri. Papa anaangalia, anataja. Venansi anaandika kwenye daftari la shule, na pembeni anaweka jina la Kirundi. Lisipokuwepo jina la Kirundi wanabishana mpaka jua linazama. Katikati yao kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi, na mirija miwili. Nilikuwa nawacheka. Nilisema wameoana hawa wazee.

Kisha kidole gumba cha Papa kikaanza kucheza. Mkono wa kulia, peke yake, kama mtu anayepukuchua mahindi. Baada ya miezi ukawa mkono mzima. Akishika jumelle, ziwa lote linaruka mbele ya macho yake, haoni ndege wala tawi. Akawa anakwenda ufukweni kwa mazoea tu.

Kwetu ugonjwa usiojulikana una jina tayari. Unaitwa karuho, sumu ya polepole, ile mtu anayotiliwa kwenye kinywaji na inamla mwaka mzima. Ndiyo maana tuna desturi moja ambayo hata Warundi wanayo: anayeleta pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya mgeni wake, bila kuambiwa. Mtoto mdogo anaijua. Asipoonja, hapo una la kujiuliza.

Na Mzee Venansi, siku moja ya wiki ileile mkono ulipozidi, alileta kidumu uani kwetu na hakuonja.

Nilikuwa pale, napiga pasi. Nilimwona anamchomekea Papa mrija mmoja tu, yeye akakaa pembeni na mikono mitupu. Nikakaza macho. Naye akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Leo munywe nyinyi. Mimi niko ku dawa, muganga amenikataza pombe."

Nilisikia. Kwa masikio yangu haya nilisikia.

Kesho yake, kwenye bomba la maji, wanawake waliniuliza hali ya Papa. Foleni ilikuwa ndefu, na foleni ndefu inataka maneno. Nikasema Papa hana nafuu. Wakangoja. Nikasema, tena nikashusha sauti ili wasogee karibu, kwamba Mzee Venansi alileta kasiksi na hakuonja. Wakashika vifua. Sikuwaambia alichosema kuhusu dawa. Sikusahau, msifikiri nilisahau. Niliona habari itapoa nikiongeza hilo, nikaliacha. Nilitaka ugonjwa wa baba yangu uwe na mwenyewe, mtu ninayeweza kumnyooshea kidole, kwa sababu Mungu siwezi kumnyooshea.

Lisemwalo lipo, walisema. Baada ya siku tatu hakuna aliyenunua maharage ya Mzee Venansi. Baada ya wiki hakuna mtoto aliyetumwa kwake kuomba moto. Kanisani kwao, nimesikia, benchi alilokaa lilibaki na nafasi pande zote mbili. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Walimpita tu.

Papa hakujua lolote. Kwetu aliyelishwa sumu haambiwi nani amemlisha, moyo wake usije ukammaliza kabla ya sumu, kwa hiyo akikaribia watu walibadilisha maneno. Mzee Venansi alipohamia kwa mwanawe, ng'ambo ya ziwa, aliondoka bila kuaga. Papa aliuliza amekwenda wapi. Nikamwambia amepata shamba kubwa zaidi kule ng'ambo. Akauliza, bila kuaga? Nikasema labda mtumbwi ulikuwa unamngoja. Nilisema hivyo huku natunga uzi kwenye sindano, na uzi haukukosa tundu hata mara moja.

Halafu nikamtafutia dawa ya karuho. Mama mmoja wa zone yetu anachemsha majani, unakunywa, unatapika. Nilimwambia Papa ni ya tumbo. Alikunywa miezi mitatu kwa sababu mimi ndiye niliyemletea kikombe. Alikonda mpaka suruali ya kanisani nikaipunguza mara mbili, na mkono haukuacha kucheza.

Mwisho nikampeleka hospitali, Mbarara mjini. Daktari alikuwa binti mdogo, Mnyankole, mpole. Alimwambia Papa aandike jina lake. Papa akaandika, na kila herufi ikawa ndogo kuliko iliyotangulia, mpaka ya mwisho ikawa nukta. Akamwambia atembee, ageuke, arudi. Papa alipotoka kupimwa damu, akanitazama mimi. Nikamuuliza ni sumu gani. Hakuelewa. Nikauliza tena. Mara ya tatu akaweka kalamu chini.

"Mama, hii si sumu," alisema. "Hii ni ugonjwa ya mishipa ya kichwa. Inakuja tu. Hakuna mtu alimpa kitu."

Alituandikia vidonge na akasema vitapunguza, havitaondoa. Kwenye ngazi za hospitali Papa aliniomba soda. Niliinunua, nikamshikia chupa ili asimwage, na sikusema kitu. Hiyo ni miezi minane iliyopita. Miezi minane nimejua, na ng'ambo inaonekana kutoka mlangoni kwangu.

Sasa darubini.

Wazo la kwanza lilikuwa langu, na lilikuwa la kijinga. Niliona nimtafutie Papa jumelle yenye nguvu zaidi, ndege waje karibu, basi kutetemeka hakutakuwa na neno. Nikaenda Mbarara na nguo za wateja wangu wa mtaa wa Kakoba, nikazunguka maduka. Muuza simu mmoja alinitolea kubwa nyeusi, imeandikwa sitini kwa sitini, na kwenye boksi picha ya simba. Nikanunua. Papa aliishika dakika moja, akairudisha polepole, akasema ni nzuri. Nilipojaribu mwenyewe nikaelewa. Kinachokuza ndege kinakuza na mtetemo. Mkono ukicheza kidogo, ndani ya kioo ni tetemeko la ardhi. Ile namba ya boksi pia ilikuwa uongo, lakini hilo ni dogo.

Nilimwandikia kaka yangu Bahati, aliyechukuliwa na mpango wa kuhamishwa, sasa yuko Kanada. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kuna darubini zinazotuliza picha. Ndani zina betri na vioo vinavyojisogeza kinyume cha mkono wako, mkono ukienda kushoto vyenyewe vinarudi kulia, na wewe unaona picha imesimama. Watu wa boti na wasafiri ndio wanazotumia. Zamani zilikuwa kubwa kama tofali, siku hizi zipo ndogo za kuingia mfukoni. Akasema mwenzake wa kazini anakuja Uganda kutalii, atalala Mbarara usiku mmoja, anaweza kuibeba. Mimi nichague, yeye alipe. Akaongeza kwamba mimi ndiye mtoto wa Papa wa kweli, yeye ni wa kutuma tu. Niliisoma hiyo nikazima simu.

Alinitumia picha za darubini tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Nilizisomea kama mtu anayesomea mtihani, na haya ndiyo niliyoyapata.

Cha kwanza kutazama ni kitufe. Hakuna duka litakalokuambia hivyo, lakini kwa mtu mwenye mkono kama wa Papa kitufe ndicho kila kitu. Darubini nyingine zinataka ukandamize kitufe muda wote unaoangalia, ukiachia kidole picha inaanza kuruka. Kidole kilichogoma kutulia hakiwezi kazi hiyo. Nyingine unabonyeza mara moja, inabaki imewaka yenyewe dakika kadhaa. Hapo nikaitoa ile ya kati mbiombio, ingawa ilikuwa nzuri ya sura.

Betri nazo. Ile ndogo kuliko zote ilitumia kibetri kifupi kinene cha kamera. Nilikiulizia Base Camp, senta ya kambi yetu, nikakiulizia Isingiro mjini, nikakiulizia Mbarara maduka sita. Fundi wa saa mmoja alikitafuta kwenye droo mpaka nikamwonea huruma, akapata kimoja cha zamani chenye kutu. Ile kubwa zaidi ilitumia betri za kawaida, za tochi na redio, ambazo hata dukani kwa jirani zipo.

Uzito nao. Ndogo ilikuwa karibu nusu kilo, kubwa ikaikaribia kilo. Nilipima maharage, nikayafunga kwenye vipande viwili vya kitenge, nikamvisha Papa shingoni kimoja baada ya kingine, akae navyo saa nzima. Alicheka mpaka akakohoa. Aliniuliza kama nimeamua kumuuza kwa kilo. Alisema zote anaziweza, kwamba msituni alibeba mizigo ya wageni waliokuwa wamebeba mpaka viti. Nikaona mshipi mpana wa kitambaa chenye sponji utasaidia, na kushona ndiyo kazi yangu. Ukubwa wa kioo cha mbele pia nilikumbuka, maana kioo kidogo jioni kinaingiwa na giza mapema, na Papa ni mtu wa jioni.

Kwa hiyo mnaona. Kitufe, ndogo na kubwa zote zilikuwa sawa. Betri, kubwa. Mwanga wa jioni, kubwa. Mtoto wa darasa la tatu angechagua kubwa.

Mimi nikamwandikia Bahati: ndogo.

Sababu ni hii. Ile ndogo inakuza mara nane, kubwa mara kumi na mbili. Jioni ile ya kupima maharage, Papa alipomaliza kucheka, aliniuliza swali moja. "Inaonaka mutu kule ngambo, ao ni ndege tu?" Nikasema sijui. Lakini nilijua, nilikuwa nimeshapiga hesabu. Kwa nane, mtu wa ng'ambo ni mtu tu, shati na miguu. Kwa kumi na mbili, ukimjua mwendo, utamtambua. Nikamwandikia kaka kwamba Papa ni mzee, shingo yake imechoka, tumchukulie nyepesi. Bahati akajibu kwamba nina huruma sana.

Nilikaa na jibu hilo siku mbili. Siku ya tatu nilishuka ufukweni kumpelekea Papa koti. Nilimkuta amechukua ile jumelle yake ya zamani, amejifunga kifundo cha mkono na kamba kwenye nguzo ya uzio wa mboga, amekaza, amelaza shavu juu ya nguzo. Mbele yake kwenye matete kulikuwa na ndege mwari watatu, weupe, wakubwa, karibu kiasi cha kurushiwa jiwe. Hakuwa anawaangalia. Ameelekeza ng'ambo, na mkono unacheza ndani ya kamba, na ngozi imechubuka.

Nilirudi na koti. Nikamwandikia Bahati: samahani, badilisha, kumi na mbili.

Jana niliipokea Mbarara. Huyo mwenzake kaka ni mama mzungu mwenye haya nyingi kuliko mimi. Alinipa boksi kwa mikono miwili kana kwamba amefundishwa. Nikapanda gari la Isingiro, boksi tumboni, mvua inapiga vioo. Papa alikuwa amelala nilipofika, ikabidi tungoje leo.

Leo baada ya kanisa mvua ilipokatika tulishuka naye. Nilimvisha mshipi, nikaweka betri, nikamwonyesha kitufe. Akainua. Mikono yote miwili ilikuwa inacheza kwa hamu, nikaona haitafaa. Akabonyeza.

 Kisha akaanza kutaja, taratibu, kama mtu anayeita majina ya watoto wake: mnandi, mdiria, tai wa samaki juu ya mti mkavu, mwari wanne, na mmoja ana kidonda mguuni. Mikono inatetemeka, sauti haitetemeki. Machozi yalinitoka. Kwa dakika chache nilikuwa binti mwema wa baba yangu, na nilizifaidi dakika hizo zote.

Halafu akageukia ng'ambo.

Akatafuta. Akapata. Akasema yule ni Venansi, anamjua mgongo. Ametoka na kiti chake, amekaa mbele ya nyumba, ana fimbo siku hizi. Papa akaachia mkono mmoja, akaupunga. Mtu wa ng'ambo atamwonaje kwa macho matupu? Anajua hawezi kumwona, miaka yote ya kazi amezitumia hizi. Akapunga tena hata hivyo.

Kisha akawa ananisimulia. Kuna mama anakuja na jerikani njia ya kwake. Amefika karibu, ameacha njia, amepita kwenye tope pembeni, karudi njiani mbele. Ajabu. Wanakuja vijana wawili, nao wamepita topeni. Venansi ameinua mkono kuwaamkia. Sasa mama mwingine na mtoto. Mtoto anamkimbilia mzee, mama amemvuta mkono mpaka mtoto ameanguka.

Papa alishusha darubini, akanitazama. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza njia.

"Juu ya nini bantu banamuzunguka vile?"

Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni tayari, nimelizoea. Nilifikiri kwamba nilichokisema kwenye bomba kimebaki upande huu, kwamba mzee wa watu amepumzika kule. Kumbe kilivuka. Kilipanda mtumbwi na samaki na sabuni, kikamfikia, kikakaa naye mlangoni.

Nikamwambia Papa yote. Kasiksi, mrija mmoja, maneno aliyosema Mzee Venansi na mimi nikayaficha, bomba, shamba kubwa la uongo, majani ya kutapika, daktari. Nilisema nimesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi. Sikuacha kitu.

Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Aliangalia maji, na mikono yake ilikuwa inacheza juu ya magoti, yote miwili.

"Miaka mbili yote najiulizaka, nilimukosea nini Venansi," alisema. "Nilitafuta, nilitafuta. Nilifikiri ni siku moja nilimuchekelea Kirundi yake. Kumbe ni weye."

Akaniambia nikae. Akanivisha ule mshipi yeye mwenyewe, ikamchukua muda kuupitisha kichwani kwangu, na sikumsaidia. Akasema niangalie.

Nilimwona Mzee Venansi. Picha ilikuwa imetulia kabisa. Amezeeka. Shati la Jumapili, limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alikuwa ameinama, anafuta tope kwenye fimbo kwa jani. Akapita mwanaume na baiskeli. Mzee akainua uso kabla hajafikiwa, tayari kuamkia, na mwanaume akashuka baiskeli, akaikokota topeni. Mzee akarudi kwenye fimbo yake. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililoniua.

Papa ameshasema yake. Nilichokisema kwenye bomba nitakwenda kukisema tena kwenye bomba, kwa sauti ileile, mbele ya watu walewale, na kile nilichokiacha nitakiweka. Nitafanya kesho kutwa, siku ya foleni kubwa. Najua wataniita nini. Waniite.

Lakini kesho kwanza ni ng'ambo. Mtumbwi wa kwanza unaondoka saa moja. Papa anakuja. Nimemwambia mtumbwi unayumba sana baada ya mvua, akanijibu kwamba kuyumba amekwisha zoea. Darubini amesema ibaki nyumbani. Ameninyima mkono wakati wa kupanda kilima kurudi, akashika miti ya uzio mmoja mmoja mpaka mlangoni.

Mzee Venansi nitampigia magoti kwenye tope lilelile. Anipe msamaha au aninyime, ni haki yake. Ila yule mama aliyemvuta mtoto akaanguka, ambaye simjui jina wala nyumba, na yule wa baiskeli, na wale ambao wao nao walishawaambia wengine, nitawapata wapi?